Nyumba haikuhama, mipaka ilihama: historia fupi ya nukta, poligoni na mji wa Thika

Leo tuweke kando mambo ya kutengeneza tovuti, tuzungumzie ramani.

Swali lenyewe ni fupi. Una orodha ya nukta, tuseme zahanati au shule, na kila moja ina longitudo na latitudo yake. Pembeni una ramani yenye mipaka ya kaunti. Kila nukta iko ndani ya kaunti gani? Mtoto wa darasa la nne atakujibu kwa kidole. Tarakilishi haina kidole wala macho. Ina orodha mbili za namba, basi. Kuifundisha jambo hilo dogo kuliwachukua watu miaka mingi, na hata leo, programu ikishakupa jibu bila kulalamika, jibu lenyewe laweza kuwa la uongo.

Naandika haya nikiwa Ngoingwa, kwenye barabara ya kwenda Mang'u. Sikuchagua Thika kwa sababu ni kwetu tu. Ni vigumu kupata mji mwingine nchini unaofundisha somo hili vizuri hivi. Nyumba zimekaa pale pale, lakini ukiuliza "Thika iko wapi?" jibu linategemea unauliza mwaka gani.

Mpaka wa maua

Kabla ya ramani za karatasi mipaka ilikuwepo. Wakikuyu walitenganisha mashamba kwa kupanda itoka, ua la jamii ya yungiyungi ambalo ukiling'oa linaota tena. Mpaka mkubwa zaidi ulikuwa mto au bonde. Ukitaka kujua mahali fulani ni pa nani uliita wazee, mkatembea pamoja hadi kwenye itoka, na mzee akasema: huku ni kwa fulani, kule ni kwa fulani. Hilo ndilo swali letu la nukta na poligoni, ila kikokotoo chake kilikuwa kumbukumbu ya mtu.

Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipoharakisha kuunganisha na kusajili mashamba katika Mkoa wa Kati, mistari ilihamia kwenye karatasi. Sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya 1963 ikakubali kitu kinachoitwa mpaka wa jumla: ramani ya usajili inaonyesha mahali mpaka ulipo kwa kukadiria, na ua la miti lililoko shambani ndilo linaloonyesha penyewe. Yaani sheria yenyewe ilikiri kwamba mstari wa kwenye karatasi si mpaka, ni picha ya mpaka. Kumbuka hilo, maana tarakilishi hailijui. Ukiipa mstari itauamini hadi sehemu ya mwisho ya milimita.

Mwaka wa 1962

Mwaka 1962 mambo mawili yalitokea mbali sana moja na lingine.

Hapa kwetu, tume ya mipaka ya majimbo iliyoongozwa na Sir Stafford Foster-Sutton ilizunguka nchi ikisikiliza wananchi wanataka kuwekwa jimbo gani kabla ya uhuru. Kule Marekani, M. Shimrat alichapisha katika jarida la Communications of the ACM programu fupi iliyopewa namba 112, ya kutambua nukta iko wapi ikilinganishwa na poligoni. Mwaka uo huo R. Hacker akachapisha marekebisho yake, kwa sababu kulikuwa na kasoro. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kazi hii imekuwa ikitoa makosa kwa watu wenye akili zao.

Wazo lenyewe ni tamu kwa urahisi wake. Fikiria umefungwa macho, hujui kama umesimama ndani ya boma au nje. Geukia mashariki, tembea moja kwa moja bila kukata kona, na uhesabu kila ua unaloruka hadi ufike mbali kabisa. Ukiwa umeruka mara moja, tatu au tano, ulianzia ndani. Ukiwa hukuruka kabisa, au umeruka mara mbili au nne, ulianzia nje. Witiri ndani, shufwa nje. Haijalishi boma limejikunja namna gani.

Msingi wa hesabu hii ni nadharia inayobeba jina la Camille Jordan wa Ufaransa, aliyeiandika mwaka 1887: mstari uliofungwa usiojikata unagawanya uwanda mara mbili, ndani na nje. Mtu wa kawaida atashangaa kwamba jambo lililo wazi hivyo linahitaji uthibitisho. Linahitaji, na uthibitisho wake si mwepesi.

Ugumu unakuja unapotembea na kugonga nguzo ya kona. Hapo umeruka ua moja au mbili? Na ukitembea sambamba juu ya ua lenyewe je? W. Randolph Franklin aliandika mwaka 1970 programu ijulikanayo kama PNPOLY, ambayo toleo lake la lugha ya C halifiki mistari kumi. Ujanja wake ni kwamba kila upande wa poligoni unamiliki ncha yake moja tu, ya chini kwa mfano, na ya juu ni ya jirani. Matokeo yake ni kwamba ukigawanya nchi yote kwa poligoni zinazogusana bila mwanya, kila nukta itaangukia poligoni moja tu. Haikosi kwao, wala haina kwao kuwili.

Kulikuwa bado na tatizo la kasi. Ukiwa na maelfu ya nukta na maelfu ya kata ndogo, kupima kila nukta dhidi ya kila mpaka ni kupoteza siku. Mwaka 1984 Antonin Guttman alieleza mti wa mistatili, R-tree. Kila poligoni inazungushiwa mstatili, na mistatili inapangwa ndani ya mistatili mikubwa zaidi. Nukta ya Ngoingwa haina haja ya kuuliza mipaka ya Turkana. Mstatili wa Turkana unaikataa mara moja, na hesabu ndefu inabaki kwa majirani wachache.

Takwimu zinapokutana na ramani

Watu wa takwimu walikuja na njia yao. Lugha ya S ilizaliwa Bell Labs mwaka 1976, kazi ya John Chambers na wenzake. Mwaka 1993 Barry Rowlingson na Peter Diggle wa Lancaster, Uingereza, walitangaza splancs, mkusanyiko wa zana za kuchunguza nukta za ramani ndani ya S-Plus, na mojawapo ilikuwa ya kuchagua nukta zilizo ndani ya poligoni. Wakati huo huo huko Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman walikuwa wakijenga R. Toleo 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000, bure kwa kila mtu. Hilo la bure lilikuwa na maana kubwa kwetu, kwa sababu leseni za programu za ramani zilikuwa za bei ambayo mwanafunzi wa hapa hakuweza hata kuiwazia.

Mwaka 2000 ulileta na jambo la pili. Mwanzoni mwa Mei Marekani iliacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS kwa raia. Kifaa cha mkononi kilichokuwa kikikosea kwa kiasi cha mita 100 kikaanza kukosea kwa mita kumi au ishirini. Sasa mtafiti aliweza kusimama kwenye lango la zahanati na kurudi na nukta ya kuaminika.

Mwaka 2005 Edzer Pebesma na Roger Bivand walitoa kifurushi cha sp. Ndani yake kulikuwa na kikokotoo kiitwacho point.in.polygon, kilichotumia msimbo wa Joseph O'Rourke, na majibu yake hayakuwa mawili bali manne: 0 uko nje, 1 uko ndani, 2 uko juu ya mstari, 3 uko juu ya kona yenyewe. Nakipenda kwa unyoofu huo. Kinakubali kwamba kuna mahali ambapo "ndani au nje?" ni swali baya.

Baadaye Pebesma alianzisha sf, ambayo ndiyo wengi tunatumia. Vifurushi vya zamani vya rgdal, rgeos na maptools vilistaafishwa Oktoba 2023, kwa hiyo ukikuta mafunzo yanayokuambia uvisakinishe, yafunge. Kazi nzima leo ni hii:

    library(sf)
    vituo  <- st_as_sf(orodha, coords = c("lon", "lat"), crs = 4326)
    kaunti <- st_transform(st_read("kaunti.shp"), 4326)
    jibu   <- st_join(vituo, kaunti, join = st_within)

Mistari minne. Lakini angalia neno la mwisho. Usipoandika st_within, R itatumia st_intersects, ambayo inahesabu hata kugusa mpaka. Nukta iliyo juu kabisa ya mstari kati ya kaunti mbili itapewa kaunti zote mbili, safu yake itajirudia, na jumla yako itakuwa kubwa kuliko vituo ulivyoanza navyo. Ukitumia st_within, nukta hiyo hiyo itakosa kwao na kuandikwa NA. Hakuna chaguo lisilo na gharama. Kwa hiyo hesabu safu kabla na baada, kila mara:

    nrow(vituo), nrow(jibu), sum(is.na(jibu$jina))

Thika iko wapi?

Sasa tufike penyewe. Mji wa Thika ulikuwa ndani ya wilaya ya Kiambu. Miaka ya 1990 ikaundwa wilaya ya Thika, na hapa ndipo pa kusoma polepole: wilaya hiyo ilikata vipande kutoka pande mbili. Gatundu, Ruiru na mji wenyewe vilitoka Kiambu. Gatanga na Kakuzi vilitoka upande wa Murang'a. Sensa ya 1999 ilihesabu wilaya ya Thika peke yake: watu 645,713. Wilaya ya Kiambu iliyobaki ilikuwa na 744,010.

Sensa ya Agosti 2009 ilikuta Thika imegawanywa tena, Mashariki na Magharibi. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ikaamua kwamba wilaya zilizoundwa nje ya sheria ya 1992 hazikuwa halali. Tarehe 27 Agosti 2010 ikaja Katiba mpya na kaunti 47, zilizofuata zile wilaya za 1992. Thika ikarudi Kiambu. Gatanga na Kakuzi zikarudi Murang'a.

Sasa chukua mtu aliyeketi na jedwali mbili na hana ramani. Anaona "Kiambu 1999: 744,010" na "Kiambu 2009: 1,623,282". Anatoa, anagawa, anaandika kwamba watu wa Kiambu waliongezeka kwa asilimia 118 katika miaka kumi. Hakuna mahali watu wanazaana hivyo. Mpaka ndio uliozaa.

Mwenzake mwerevu kidogo anakumbuka Thika, anajumlisha wilaya zote mbili za 1999 na kupata 1,389,723. Ukuaji unakuwa asilimia 16.8. Namba hii inaonekana ya heshima, na ndiyo maana ni hatari zaidi. Ile jumla ya 1999 imebeba watu wa Gatanga na Kakuzi, ambao mwaka 2009 wanahesabiwa Murang'a. Amekuza msingi, kwa hiyo amepunguza ukuaji. Na yule anayelinganisha Murang'a atakosea kinyume chake: ataona watu wametoka hewani.

Huwezi kurekebisha hili kwa orodha ya majina, kwa sababu "Thika" ya 1999 haina jibu moja. Sehemu yake ni Kiambu na sehemu ni Murang'a. Lazima ushuke chini hadi kata ndogo, uipe kila moja nukta, na uiulize nukta hiyo iko ndani ya kaunti gani.

Hata hapo kuna mtego, na ni mtego wa nchi yetu. Milima ya huku imepasuliwa na mito inayoshuka sambamba, na kata nyingi zinafuata mgongo kati ya mto na mto. Umbo lake ni refu na limejipinda kama ndizi. Kitovu cha umbo la ndizi kinaweza kuanguka nje ya ndizi, ng'ambo ya mto, kwa jirani. Usitumie st_centroid. Tumia st_point_on_surface, ambayo inahakikisha nukta imekaa ndani ya umbo lake.

Mtu atauliza, kuna ubaya gani? Ubaya ni pesa. Kanuni ya kwanza ya kugawia kaunti fedha baada ya uchaguzi wa 2013 iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Zahanati, walimu, dawa, vyote vinapangwa kwa kugawanya kitu fulani kwa idadi ya watu. Nukta ikiangukia poligoni ya jirani, mgonjwa anabaki hapa na dawa yake inahesabiwa kule.

Mita mia tatu

Hili la mwisho ni kosa langu mwenyewe, silitupii mtu.

Nilisoma eneo la nyumba fulani ya Ngoingwa, iliyo kwenye mteremko wa bonde la mto Chania, kutoka ramani ya zamani ya karatasi ya 1:50,000. Nikaingiza namba kwenye R na kuandika kwamba ni za WGS 84, kama za GPS. R haikulalamika. Ikaniambia nyumba iko Murang'a.

Haiko Murang'a. Karibu na Thika mto Chania ndio mpaka, na nyumba iko ukingo wa kusini, upande wa Kiambu. Tatizo ni kwamba ramani hizo zilichorwa kwa msingi wa Arc 1960, unaotumia umbo la dunia la Clarke la 1880. Namba zile zile zikisomwa kama WGS 84 zinachora mahali pale karibu mita 300 kaskazini na chini kidogo ya mita 100 magharibi. Mita 300 kaskazini kutoka ukingo wa Chania ni ng'ambo. Nilikuwa nimevusha nyumba ya watu mto bila daraja.

Dawa yake ni kuwa mkweli kuhusu namba zilikotoka. Kwa ramani hizo andika crs = 21037, yaani Arc 1960 kanda 37 kusini, halafu ubadilishe kwa st_transform. Usibandike 4326 juu ya kila kitu kwa mazoea.

Nukta zilizosogezwa makusudi

Kuna wakati nukta yenyewe imedanganya kwa nia njema. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, KDHS, ulianza kuja na nukta za GPS kwetu mwaka 2003, ukiwa na vituo vya sampuli 400. Ule wa 2014 ulikuwa na 1,612 ili kila kaunti kati ya 47 ipate takwimu zake. Watu waliulizwa mambo ya siri kabisa, UKIMWI ukiwemo. Kwa hiyo kabla ya kutolewa, nukta za mijini husogezwa ovyo hadi kilomita 2, za mashambani hadi 5, na moja katika kila mia ya mashambani hadi 10. Kwa data zilizotolewa kuanzia 2009 walihakikisha, palipowezekana, kwamba nukta iliyosogezwa inabaki ndani ya ngazi ya pili ya utawala. Kumbe na wao walikuwa wakiuliza swali letu: bado iko ndani?

Maana yake kwako: kulingana na data yenyewe unaweza kuuliza nukta iko kaunti gani. Usiulize iko wadi gani. Hapa Thika kilomita 2 zinatosha kukutoa wadi moja hadi nyingine, na st_join itakupa jina la wadi kwa ujasiri wote.

Kwa hiyo kabla ya kukimbiza ile mistari minne, jiulize maswali ya mzee wa itoka. Mpaka huu ni wa mwaka gani, na nani aliuchora? Nukta hii ilisomwa kwa kifaa gani, juu ya msingi upi? Kuna mtu aliyeisogeza? Na zile zinazokaa juu ya mstari nimezipeleka wapi? Kisha chukua nukta tano za mahali unapopajua kwa miguu, uzichore, uziangalie kwa macho. Mimi huanza na lango langu hapa Ngoingwa. Likianguka ng'ambo ya Chania, najua kazi bado.